Alizeti ya Simeoni na Jasho la Mgeni

Hapana, mama, hakurudi kwao Kongo. Wewe uliyeniandikia kuuliza kwa nini asipande treni akaenda zake, leo nakujibu. Angerudi na nini? Na watoto angemwachia nani?

Maana si wewe peke yako. Kuna mmoja alinisimamisha mnadani, nimeshika kuku wangu wawili wa kuuza, ananiambia, "Babu, yule mwanamke wako wa gazetini mjinga. Si angeondoka!" Nikamwambia, wewe ndugu yangu hujawahi kuwa mgeni. Kabla sijamaliza kuku mmoja akaniponyoka, tukamkimbiza mpaka kwenye vitunguu vya watu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Basi kwa ambaye leo ndiyo kwanza anasoma, nitamwambia kwa ufupi.

Eliana ni mwanamke wa Kalemie, huko Kongo, ng'ambo ya ziwa. Aliolewa na kijana wetu Philipo, mzaliwa wa hapa Sepuka, utingo wa malori. Philipo homa ikamuua huko huko. Eliana akabeba watoto wake wawili, Flora wa miaka tisa na Gaspari wa miaka mitatu, akavuka mpaka Kigoma, akapanda treni akashuka Manyoni, akaja kutafuta wakwe. Akakuta wakwe wameshazikwa. Nyumba imeanguka. Amebaki shemeji tu, Damiani, mdogo wake marehemu, naye anafuga ng'ombe kule Kintinku. Mimi na bibi yenu tukampa kile chumba tulichokuwa tunawekea mahindi.

Wiki zote hizi humu gazetini nimewasema watu. Nimemsema konda wa basi, nimemsema mama wa nyumba ya wageni. Leo najisema mimi.

Damiani alikuja Jumapili, baada ya ibada. Shati jeupe, viatu vinang'aa. Akanipa shikamoo yangu vizuri kabisa, akakaa, akamgeukia Eliana.

"Shemeji, pole na msiba, pole na safari. Sasa tuongee habari ya watoto."

"Batoto wako salama, shemeji."

"Wanakula nini?"

Eliana akavuta kitenge chake magotini.

"Nakuuliza wewe. Wanakula nini?"

"Banakula kile papa na mama bananipa." Papa ni mimi. Kwao mzee ndiyo papa.

"Kwa hiyo watoto wa kaka yangu wanalishwa na jirani. Mimi maziwa yananimwagikia, damu yangu inalishwa na mzee asiye na hata mbuzi."

Hiyo ya mbuzi iliniuma. Ninaye mmoja, ila ni kilema.

"Na shamba?" Eliana akauliza. "Philipo alikuwa ananiambia, nyumbani niko na shamba."

"Liliuzwa. Baba alipougua tuliuza."

"Lote?"

"Lote, shemeji. Kwa hiyo tusizunguke. Watoto ni wa ukoo. Nawachukua. Na wewe ukitaka, karibu. Nyumba ipo. Alipoacha kaka, mdogo anashika."

Eliana akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mimi si kabati, shemeji, mpaka unirithi."

Bibi yenu alicheka mpaka akapaliwa. Damiani hakucheka. Alisimama akafuta suruali yake.

"Sawa. Tafuta kazi basi. Nina shughuli za ng'ombe Ikungi wiki hii, Jumamosi jioni napita hapa. Nikikuta una kazi ya kuwalisha, nitakunywa chai niondoke. Nikikuta huna, Flora na Gaspari naondoka nao."

"Damiani," nikasema, "siku sita tu?"

"Babu, kwa heshima yako. Mwenye nia, siku sita ni nyingi."

Akaondoka. Flora alikuwa nyuma ya mlango, kasikia yote. Akamuuliza mama yake, "Maman, Kintinku ni mbali?" Eliana akamwambia ni karibu sana, halafu akaenda jikoni akasimama tu, hana anachofanya humo.

Jumatatu alfajiri akaenda Singida mjini.

Eliana ni fundi cherehani. Kule kwao alikuwa anashona magauni ya harusi, si mashati ya shule. Akaingia duka la vitambaa la mzee Hirji, amejifunga kitenge chake kizuri kuliko vyote.

"Niko naomba kazi ya kushona, papa."

Hirji akamtazama juu ya miwani. "Unajua kola?"

"Nijaribu."

Akapewa kitambaa, akakaa kwenye cherehani, mguu ukaanza kwenda. Mke wa Hirji, mama Jayshree, akatoka ndani kuangalia. Akaichukua ile kola, akaigeuza, akaivuta, akaigeuza tena.

"Hirji! Huyu usimwache aende. Ona mshono huu!"

Eliana aliniambia, pale moyo wake ulishakunywa chai. Alishaona Flora amevaa sare.

"Vizuri sana, mama," Hirji akasema. "Lete kitambulisho cha taifa niandike jina."

Eliana akatoa karatasi yake ya mpakani. Hirji akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akaisoma mbele tena kama vile anaitafutia maneno ambayo hayamo.

"Mama, hii ni ya kuingia. Ya kufanya kazi siyo hii."

"Lakini kazi umeiona."

"Nimeiona. Wakaguzi wakija wao hawataangalia kola, wataangalia karatasi. Wananifungia duka, nakosa mimi, unakosa wewe."

Mama Jayshree alisema naye kwa Kihindi chao, akamsema sana, Hirji anatikisa kichwa tu. Mwisho mama Jayshree akafunga chapati nne kwenye gazeti. "Peleka kwa watoto. Ukipata karatasi, njoo siku hiyo hiyo. Hata mvua ikinyesha, njoo."

Karatasi yenyewe kuipata, wanasema ni miezi. Yeye ana siku tano.

Jumanne akapata mgahawa karibu na stendi, kuosha vyombo. Akaosha mpaka jioni. Mwenye mgahawa akamwambia, "Unafaa, kesho njoo." Kesho yake akaenda, akakuta kuna msichana mwingine kwenye beseni.

"Huyo ni mtoto wa dada yangu," mwenye mgahawa akasema. "Alikuwa hana kazi."

"Na mimi?"

"Na wewe pole."

Alhamisi alizunguka kwenye mashine za kukamulia mafuta. Wanataka wanaume wa kubeba magunia. Akasema, mimi nabeba. Wakacheka. Akainua gunia, akatembea nalo mpaka mlangoni na kurudi. Wakaacha kucheka, lakini kazi hawakumpa.

Alirudi hana nauli ya gari ya mwisho, akatembea kipande kirefu sana, viatu kavishika mkononi. Bibi yenu akampashia maji. Hakuoga. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza, "Papa, huku kwenu mutu anaanzaje?"

Ningekuwa na akili ningesema sijui. Badala yake, sikilizeni nilichofanya.

Sisi huku tuna zamu. Mkulima yeyote wa Singida anajua, ila wa Dar nitamwelezea. Tuko nyumba kumi na mbili. Alizeti ikikauka, leo tunapura kwako, kesho kwangu, siku nyingine kwa mwingine. Kila nyumba inaleta mkono mmoja, mtu mzima wa kufanya kazi. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anapika, watu wanakula, basi. Na nyumba ikikosa kuleta mkono mara mbili, inatolewa kwenye zamu. Alizeti yako utapura na mkeo mpaka ndege waimalize.

Kiongozi wetu ni Theodora, mama mmoja mjane, mwembamba, ana mdomo kama shoka. Mimi nilishakosa mara moja, siku ya kwake mwenyewe. Mgongo. Nina mgongo huu tangu nilipoanguka na mkokoteni wa ng'ombe, mwaka ule wa njaa, nilikuwa natoka Iguguno... hiyo nitawaambia siku nyingine.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Simeoni. Jumatano inayofuata ilikuwa yangu. Mgongo wangu haunyooki. Bibi yenu goti limevimba. Nikikosa kwa Simeoni, alizeti yangu imeisha.

Ijumaa asubuhi Eliana anafagia uwanja. Nikamwita.

"Eliana, kesho kuna kazi."

Ufagio ukaanguka. "Wapi, papa?"

"Kwa Simeoni. Kupura alizeti. Watu wanatakiwa."

"Iyi kazi iko ya kweli? Hawaulizi karatasi?"

"Shambani nani anauliza karatasi?"

"Na bei ya siku ni ngapi?"

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo wangu ulikuwa na nafasi yote ya kusema. Mwanangu, hailipwi, ni zamu yangu, naomba unisaidie. Angekubali! Yule mwanamke angekubali na kunishukuru juu yake.

Nikasema, "Mtaelewana huko huko."

Akapiga magoti akanishika mikono miwili. "Aksanti, papa. Aksanti sana. Damiani akija atanikuta niko na kazi."

Bibi yenu alikuwa anachambua mlenda. Akainua macho akanitazama, akarudisha macho kwenye mlenda. Siku ile hakunisemesha tena.

Jumamosi Eliana alifika kwa Simeoni kabla ya mwenye shamba kuamka.

Walipokuja wengine wakamkuta ameshatandika turubai, ameshashusha vichwa vya alizeti kutoka kwenye kichanja, amesimama na fimbo. Theodora akamuuliza, "Wewe umetoka kwa nani?"

"Kwa papa," akataja jina langu.

"Ahaa. Mzee kaleta mkono." Akageuka kwa wenzake, akasema kwa Kinyaturu, mgongo wa mzee umeota miguu, umevaa na kitenge. Watu wakacheka. Eliana akacheka nao, hajui wanacheka nini.

Siku nzima walizungumza Kinyaturu. Ndiyo lugha ya shamba, nani atapura alizeti kwa Kiswahili? Laiti hata mmoja angesema zamu kwa Kiswahili, angejua. Hawakusema. Walimwonyesha tu kwa mkono, piga hapa, geuza kule, pepeta.

Akapiga. Alizeti ina vumbi lake, linaingia shingoni, linawasha kama upupu. Wenzake wanapiga wanapumzika, wanasimuliana. Eliana hapumziki. Anapiga mpaka kichwa kinabaki kama sahani tupu, anatupa, anachukua kingine. Mkwe wa Simeoni, binti mmoja mpole, akamvuta kando na kumpa togwa.

"Dada, kaa kidogo. Utajiua."

"Minataka bosi anione."

"Bosi gani?"

"Papa Simeoni."

Yule binti akacheka mpaka togwa ikamtoka puani. Akaenda kuwaambia wengine, nao wakacheka. Simeoni anaitwa bosi! Mtu ambaye suruali yake imefungwa kwa kamba ya katani! Waliona mgeni anajua utani. Kuanzia hapo kila mtu akawa anamwita Simeoni bosi, Simeoni naye akaanza kutembea kifua mbele, anakohoa.

Eliana alidhani ndivyo anavyoitwa.

Saa tisa kazi ikawa imeisha. Kwa kawaida tunafika mpaka jua linazama. Simeoni akasema, kwa Kinyaturu tena, mwaka huu mzee kaniletea mikono mitatu kwenye mwili mmoja.

Sasa mimi. Saa kumi na moja nikaenda, na bibi yenu, na Flora na Gaspari. Mnajua nilienda kufanya nini? Kula. Sina aibu ya kusema, kwa sababu aibu yenyewe niliimaliza yote siku ile. Chakula cha zamu nyumba nzima inakula, na Simeoni alikuwa amechinja kuku.

Theodora akaniona tangu mbali. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mgongo umekuja kula?"

"Umepata nafuu."

"Ndiyo. Harufu ya mchuzi ni dawa."

Wanawake wakaleta ugali wa uwele, mlenda, kuku, maziwa mgando. Mikeka ikatandikwa. Watu wananawa. Eliana yeye hajakaa. Amejifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge, amemfuata Simeoni, amesimama mbele yake mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Papa Simeoni, nimemaliza."

"Umemaliza kweli, mama! Mungu akubariki. Nawa, ukae ule."

"Aksanti. Nitakula. Niko naomba kwanza ile ya leo. Na niko nauliza, kesho nirudi au Jumatatu?"

Simeoni akatabasamu, anangoja utani uendelee. Haukuendelea.

"Ile ya leo ipi?"

"Ya siku. Ya kibarua."

Nawaambia, waliokuwa wananawa wakaacha.

"Mama," Simeoni akasema taratibu, "hapa hakuna kibarua. Hii ni zamu. Umekuja kwa niaba ya mzee. Sisi wote hapa hatulipwi. Tunakula tu."

Eliana akageuka. Hakumtafuta mtu mwingine, alinitafuta mimi. Nilikuwa nimeshanawa. Nimekaa. Nimeshachagua hata kipande, paja, kwa macho.

"Papa?"

Nikaangalia mkeka.

"Papa, ulijua?"

Kabla sijafungua mdomo, pikipiki ikaingia uwanjani. Damiani. Amefika kwangu, amekuta hamna mtu, kaelekezwa huku.

"Hodi wenyewe! Shikamooni wazee." Akaona mikeka, akaona watu wamesimama, akaona shemeji yake ana vumbi mpaka kwenye kope. "Naona leo kuna kazi. Vizuri. Shemeji, umepata kazi?"

Eliana akajikung'uta vumbi mikononi.

"Nakuuliza vizuri. Umepata?"

"Nimefanya kazi," Eliana akasema.

"Kufanya si kupata. Unalipwa na nani?"

Gaspari yeye ameshaenda kushika mguu wa mama yake. Damiani akavuta pumzi. Niwe mkweli, hakuwa na uso wa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka anayetaka kufika kwake mapema.

"Flora," akasema, "nenda na babu mkachukue nguo zenu."

Flora hakusogea. Eliana akapiga magoti palepale kwenye maganda ya alizeti, mbele ya watu wote, yeye aliyesema si kabati.

"Shemeji, nipe wiki moja. Wiki moja tu. Nitaokota hata kuni."

"Shemeji, tulikubaliana."

Hapo mgongo wangu ukanyooka. Sijui ulinyookaje. Nilisimama bila mkongojo.

"Damiani, ngoja," nikasema. "Theodora, na wewe sikiliza. Simeoni, wote. Huyu mama nimemdanganya. Sikumwambia ni zamu. Aliniuliza bei, nikamwambia mtaelewana huko. Nilitaka afanye zamu yangu ili Jumatano mje kwangu. Jasho lile lote ni lake, na mimi nimekuja hapa kula paja la kuku juu yake."

Bibi yenu alikuwa analia chini chini. Kutoka niliposimama mpaka alipopiga magoti Eliana, sijawahi kuona kilomita ndefu kama ule uwanja wa Simeoni.

Theodora akaweka bakuli chini.

"Mzee, kwa hiyo leo hukuleta mkono."

"Sikuleta."

"Hii ya pili."

"Ndiyo."

"Unajua kanuni."

"Najua."

"Basi Jumatano hatuji." Alisema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Alizeti yangu yote nikaiona inaliwa na ndege. Halafu akamgeukia Eliana, akamshika kwapa, akamwinua.

"Mama, simama. Huyu mzee sasa hayumo. Mkono wa leo ni wako wewe. Nyumba kumi na moja tumekula siku yako moja, lazima tukurudishie siku. Hatuna hela, tuna mikono. Shamba lako liko wapi, tuje?"

"Sina shamba," Eliana akasema. "Shamba ya mume wangu iliuzwa."

"Liliuzwa lini?" Huyo ni Simeoni.

"Baba mkwe alipougua. Shemeji aliniambia."

Simeoni akakuna kichwa. Akamtazama Damiani, akatazama lundo la maganda, akamtazama Damiani tena. Yule si mtu wa ugomvi, mnamjua. Neno linamtoka tu.

"Aliuziwa nani? Shamba la Philipo si ndilo hili nililovuna? Mimi sikununua, Damiani. Mimi nilikodi kwako. Msimu mmoja mmoja. Na msimu wenyewe ndiyo umeisha leo."

Jamani.

Hata mimi nilikuwa sijui. Tulimwona Simeoni analima kule, tukadhani amenunua. Nani anamuuliza jirani karatasi?

Eliana aliinama akachota alizeti kwenye gunia, akaziangalia kwenye kiganja. Alikuwa amezipura tangu alfajiri.

"Iyi ni ya shamba ya Philipo?"

"Ndiyo, mama," Simeoni akasema. "Mimi sikujua kama umeambiwa vingine."

Damiani jasho likamtoka. "Lile ni shamba la ukoo. Mimi ndiye nililitunza. Kaka alikuwa wapi? Kongo! Nani alimzika baba? Ni mimi! Nani alimzika mama? Ni mimi peke yangu! Sasa anakuja mtu na treni, mnataka nimpe shamba?"

Na ilikuwa kweli, alizika peke yake, tulimwona. Hata Theodora aliitikia hilo kwa kichwa.

"Hakuna aliyesema umpe," Theodora akasema. "Hatugawi mashamba hapa, hayo nendeni mkaongee wenye ukoo. Sisi tuna siku ya huyu mama ya kurudisha. Mvua ikikaribia tutaenda kulima pale alipokuwa analima mumewe. Wewe ukitaka kutuzuia, utuzuie siku hiyo, tukiwa na majembe."

"Na watoto?" Damiani akauliza.

Eliana ndiye aliyejibu. Alikuwa amesimama sasa, vumbi na machozi vimechanganyika usoni.

"Shemeji, ulisema ukinikuta niko na kazi, utakunywa chai uende. Nitalima shamba ya baba yao. Iyi ndiyo kazi. Batoto hawaendi."

"Shamba bila mvua si kazi. Watakula nini mpaka mavuno?"

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Mimi mwenyewe, wa kumpa chumba, ndiyo nimetoka kutolewa kwenye zamu, hata gunia moja sina hakika nalo.

Simeoni akasema, "Jamani, ugali unapoa. Tukae. Damiani, kaa na wewe, ni kwako hapa."

Watu wakamtazama Damiani. Maana huku kwetu chakula cha zamu si chakula cha hivi hivi. Ukikila, umeingia. Zamu ijayo upo, na jembe lako, shamba lolote litakalotajwa. Ukila halafu ukakataa kuja, hakuna nyumba Sepuka nzima itakayokukaribisha maji. Na Damiani ni mtu wa hapa, alijua kuliko wote: akila, amekubali Eliana alime, na watoto wanabaki.

Angeweza kuwasha pikipiki. Aliishika hata usukani.

Flora akachukua birika la maji na beseni. Hakuna aliyemtuma. Alitembea mpaka kwa baba yake mdogo, akapiga goti kama watoto wa huku, sijui alijifunza lini.

"Shikamoo, baba mdogo. Karibu unawe."

Damiani alimtazama yule mtoto muda mrefu. Baadaye alikuja kuniambia kwamba Flora ana macho ya Philipo, mpaka yale makengeza kidogo ya kushoto. Akaachia usukani. Akanyoosha mikono. Flora akamwagia.

Theodora akakaa. Simeoni akakaa. Bibi yenu akakaa, akanivuta shati na mimi nikakaa, pembeni kabisa, mbali na kuku. Eliana akakaa na Gaspari mapajani. Wa mwisho akakaa Damiani, kwenye mkeka ule ule, mkabala na shemeji yake.

Ugali ukafunuliwa, mvuke ukapanda. Hakuna aliyemega. Sote tulikuwa tumekaa kula, tunauangalia mkono wa Damiani uliolowa, ambao bado ulikuwa umelala juu ya goti lake.